Mikono ya Dalton Rusnak

Wiki ya klabu za futiboli ya Kimarekani kuchagua wachezaji wa vyuo, hapa Pittsburgh hata ndani ya basi hupati utulivu. Mwanamke aliyekaa mbele yangu alikuwa akimponda Dalton Rusnak, lile pande la mtu ambalo kazi yake ni kumkinga mrushaji mpira asiangushwe.

"Mikono mifupi," alisema. "Atamzuia nani yule?"

"Dada, acha hizo," akasema mzee mwenye kofia ya manjano. "Miguu yake umeiona? Akishasimama hasukumiki. Klabu mbovu zinachagua kwanza, zitamnyakua. Sisi wa mwisho tutabaki kumeza mate."

"Ndiyo maana nasema mikono mifupi! Hata redioni napiga simu kila asubuhi nasema hivyo hivyo."

"Kumbe ni wewe! Kijana wa watu kakukosea nini?"

"Hajanikosea. Ni mwanangu."

Hapo na mimi nikapotea. Mzee akavua kofia, akaivaa tena.

"Unamharibia mwanao?"

"Akisifiwa atachukuliwa mapema, apelekwe mbali huko Seattle. Akipondwa atashuka kwenye orodha, atashuka, mpaka atufikie sisi. Mechi Jumapili, Jumatatu anakula kwangu."

"Na mwenyewe anasemaje?"

Mama akachungulia nje, kituo chake kilikaribia. Alisimama, akanyoosha mkono avute kamba ya kengele. Ukapelea. Akajiinua kwa vidole vya miguu, ukapelea tena.

Mzee akamvutia kamba. "Mama Dalton," akasema taratibu, "kumbe la mikono hukusema uongo."

Basi likasimama.