Kimya Tulichoagizwa Mlangoni pa Bi Hikma

Mgeni rasmi, Bi Eve Amolo, mwelekezi wa filamu, kinachotangulia katika filamu yako ni mlio wa cherehani. Pazia bado jeusi, hakuna uso wala nyumba, lakini sisi wa Ploti ya Kisima, hapa mtaa wa Umoja, tulipousikia mlio ule leo katika ukumbi huu tulijua tuko nyumbani. Ni cherehani ya Bi Hikma, mjane na fundi wa nguo, ambaye kibaraza chake kinatazamana na lango letu. Waliokupa tuzo huko ng'ambo huenda walidhani ni muziki.

UKARIBISHO

Karibu sana. Tungekupokea kwa makofi, ila mara ya mwisho ulipokuwa kwetu ulituonya kwamba makofi yanaharibu sauti, na sisi ni watu wa kushika maagizo. Utaona hapa chini jinsi tulivyo hodari wa kuyashika.

Tunawatambua pia wawili ambao wamejiona kwenye pazia leo kwa mara ya kwanza: Bi Hikma mwenyewe, aliyeketi karibu na mlango, na Mzee Ngigi, muuza nyama wa Soko la Burma, ambaye ndiye aliyembembeleza aje. Sisi wengine tulishindwa kumbembeleza. Sababu tutaieleza.

HISTORIA YA FILAMU

Ulipokuja na magari yako, uliwaita wakaazi wote kwenye lango ukatueleza kwamba unatengeneza filamu tulivu juu ya upweke. Ulikuwa umemwona Bi Hikma akishona peke yake, ukasema uso wake una kitu. Alikubali kupigwa picha kwa sharti moja tu, kwamba asiache kazi za wateja wake. Kisha, yeye akiwa amerudi ndani kushona, ukatuomba sisi jambo dogo. Tusimsalimie. Tukipita mlangoni pake tutazame chini, tusiseme hodi, tusiulize ameamkaje. Na tusimwambie kwamba tumeagizwa hivyo, ili uso wake uwe wa kweli.

Mgeni rasmi, hatukubishana. Umetoka mbali, una kamera, tukaona ndiyo elimu. Mtu aliyetushonea sare za shule tukampita kana kwamba ni nguzo ya stima.

Aliyekuharibia kazi ni mmoja. Mzee Ngigi hakuwepo siku ya mkutano, alikuwa Burma, na kila mmoja wetu alidhani mwenzake amemwambia. Alasiri yake akarudi na mfuko wa mifupa ya supu, akapita katikati ya taa zako akipaza sauti, "Mama, uko? Hiyo chai iko ama nimetembea bure?" Ukapiga kelele akatwe, yaani picha ikatwe. Kesho yake akarudia. Alikuwa ameiona kamera yako juu ya miguu yake mitatu akaamini nyinyi ni wapima barabara, akavuta kigoda akaketi mlangoni kwa Bi Hikma na kumwambia asiogope, hakuna atakayebomoa kibaraza chake yeye akiwa amekikalia. Bi Hikma alicheka hadi akashika mlango. Kicheko hicho ndicho kilichopo katikati ya filamu yako, na ndicho magazeti yalichokiita urafiki usiotarajiwa kati ya mwanamke wa asili ya Mombasa na Mkikuyu wa bucha. Ulikuwa umemfukuza Mzee mara mbili kabla ya kukitambua.

MAFANIKIO

Mafanikio ni yako na tunakupongeza. Filamu imezunguka dunia. Umepanda majukwaa ukazungumzia jinsi mji unavyowasahau wazee, na tulikutazama kwenye simu zetu ukifuta machozi. Ulifuta vizuri.

Mzee Ngigi naye amefanikiwa. Leo tumesoma majina mwishoni mwa filamu, tukatafuta lake, tukamkuta ameandikwa "Mpita Njia". Amekaa kwenye kile kibaraza muda mrefu kuliko kamera yako, lakini ni mpita njia.

CHANGAMOTO

Ulituahidi kwamba kazi ikiisha utatutangazia. Hukututangazia. Alasiri moja magari hayakuwepo, basi. Sisi tukaendelea kunyamaza. Willis, fundi viatu wetu, ambaye hujua kila kitu, alituonya tusidanganyike, kwamba kamera za siku hizi ni ndogo na huenda umeiacha moja kwenye kitasa cha mlango wa Bi Hikma. Tukamwamini kwa kuwa tulikwisha kukuamini wewe.

Ramadhani ikaingia ikitukuta hivyo. Kila mwaka Bi Hikma hugawa kaimati na sambusa mlango kwa mlango, kwa Waislamu na Wakristo, na ada yetu ni kwamba sahani ya jirani hairudi tupu. Mwaka huo pia aligawa. Nasi hatukuvunja ada. Tulizijaza sahani zake ndizi, na sukari, na mayai ya kienyeji ya Mama Waithera, tukaenda nazo hadi kwenye kibaraza, tukazitua chini na kukimbia, tusije tukatokea kwenye picha. Mgeni rasmi, hebu fikiria mwanamke anafungua mlango jua likiwa limezama, anaona sahani zake zimejaa na hakuna mtu. Hata wewe hukuwahi kuandika onyesho kama hilo.

Idi ilipofika, hakugawa kitu.

Tulizinduka siku picha za tuzo zako zilipotufikia. Ndipo tulipojua kwamba filamu iliisha kitambo, na kwamba sisi tuliokuwa tukiigiza tulikwisha kuacha kuigiza, kimya kikawa chetu kweli. Tukaenda mlangoni pake kwa wingi kumweleza. Alitusikiliza akiwa ameshika komeo, hakufungua nusu ya pili ya mlango. Akasema, "Nimelala nikijiuliza nimemkosea nani. Kumbe sijamkosea mtu. Basi hilo ni baya zaidi." Mmoja wetu akamwambia kwamba ni mwelekezi aliyeagiza. Akajibu kwamba mwelekezi ni mgeni, hakumjua. "Nyinyi mlinijua."

Tangu hapo anaitikia salamu zetu kwa heshima, vile mtu anavyoitikia karani. Na Jumamosi hii gari la mpwa wake linakuja kumchukua aende akaishi Mombasa. Nyumba ameshaiaga. Mzee Ngigi alipojaribu kumzuia aliambiwa, "Wewe hukuambiwa, Ngigi. Ungeambiwa, ndipo ningejua kama ungenisalimia." Mpaka leo Mzee anatulaumu sisi kwa kutomwambia siku ile, ili angalau akatae.

Kijana wenu anayeisoma risala hii ameliweka jambo hili katika ubeti mmoja, kwa kuwa nathari imemshinda kwa hasira:

*Kimya mlikiagiza, sisi tukakiamini,*
*Mama hamkumjuza, akabaki barazani,*
*Kazi mlipomaliza, mkarejea mjini,*
*Nani atatueleza, kimya kinaisha lini?*

MAOMBI

Mgeni rasmi, risala nyingine zingekuomba matangi ya maji na taa za barabarani. Hatutaki. Wala usituongezee nakala za filamu, tunaijua.

Tunaomba jina la Mzee Ngigi liandikwe.

Tunaomba pia filamu yako ijayo iwe ya makelele. Tuna kipaji kikubwa zaidi upande huo, na hutahitaji kutuagiza.

La mwisho ndilo lililofanya tukualike. Ukishuka jukwaani, usielekee kwenye gari. Pita kati ya viti hadi kwa Bi Hikma pale mlangoni, umwambie mwenyewe, kwa kinywa chako, mbele ya hawa wote: nilitaka upweke wako, nikawaomba majirani, wakanipa. Usimtume msaidizi wako. Usiseme ilikuwa sanaa. Bi Hikma hatabaki kwa sababu yako, hilo tunalijua, lakini hawezi kutusikia sisi wakati neno lako bado limesimama katikati. Liondoe, halafu utuachie sehemu yetu, maana sehemu yetu ni kubwa kuliko yako na tutaibeba wenyewe.

Mungu aibariki kazi ya mikono yako, ayape macho yako wepesi wa kuona na masikio yako subira, na popote utakapojenga akujalie majirani wasioweza kunyamaza.

Ni sisi, wakaazi wa Ploti ya Kisima, Umoja.

Yaliyobaki hayamhusu mgeni rasmi.

Bi Hikma, ulimwomba kijana mwenzetu Kiarie atuite vijana Jumamosi tukupakilie vyombo. Tutakuja. Tutakuja sote, na wazazi wetu, na Willis na nyundo yake, na tutakusalimia mmoja mmoja hata ukichoka kuitikia. Ukitufungia tutasalimia mlango. Lakini kitanda chako hatukiinui, kabati hatuligusi, na mpwa wako akitaka wabebaji aende akawatafute Buruburu. Tulikunyamazia kwa agizo la mtu mwingine. Hili hatukuagizwa na mtu, na tunakuahidi kwa sauti, watu wote wakisikia: kwa mikono yetu, Bi Hikma, huhami.