Shangazi Anastaafu, Radhi ya Ofisi Imebaki

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwaliza watoto na kuwabembeleza mama zao, muuguzi wetu wa chanjo anastaafu rasmi leo Ijumaa. Jina lake kamili mtalisikia akikabidhiwa cheti. Hapa kituoni hata Mganga Mkuu, aliyemzidi cheo, humwita Shangazi. Kazi ya kumwandikia imeniangukia mimi wa gari la matangazo, maana mji huu hauna sauti inayojulikana kuliko yangu. Karani naye aliitaka kazi hii. Angewalaza usingizi kabla ya chakula.

Shangazi alianzia chumba cha sindano, kile chenye dirisha lisilofunga, akapanda hadi kusimamia chanjo za watoto wa mji mzima. Haogopi mkurugenzi wala mkaguzi, anaogopa paka. Siku moja paka wa jirani aliingia, Shangazi akapanda juu ya meza na sindano mkononi. Mtoto aliyekuwa akilia akanyamaza, akaanza kumbembeleza yeye: "Pole bibi, haumi huyu." Mwenyewe hukana. Tulioona tupo, na hatujafa.

Katika safari zote alikalia kasha la baridi la chanjo kama kiti cha enzi. Dereva akiomba chupa yake ya maji iwekwe humo, hujibiwa kuwa chanjo hazikai na wapangaji.

Sasa ameniita, akanionya: "Wewe domo, ukiniandikia sifa tupu siji kwenye sherehe yenyewe. Andika la bondeni." Basi naandika, na uso nimeuinamisha.

Bondeni ni kule nyuma ya jalala, wanakoishi waokota chupa na vyuma chakavu. Hawana hati za viwanja, na ofisi pekee iliyowahi kuwatembelea ni ile ya kubomoa. Mwaka wa surua tukashuka kuchanja nyumba kwa nyumba. Utaratibu wetu ulikuwa kuweka alama mlangoni: vema kwa chaki kwa waliokubali, na X kwa waliokataa, ili turudi kuwabembeleza. Mvua ilikuwa inafuta chaki. Shangazi akaagiza rangi kutoka stoo. Iliyokuwepo ilikuwa nyekundu.

Mnaoishi kwenye nyumba zenye hati huenda hamjaelewa. X nyekundu mlangoni maana yake nyumba inavunjwa. Asubuhi yake waliokataa sindano walikuwa wanafunga magodoro. Habari ikaenea kwamba ukiwakatalia watu wa chanjo, nyumba yako chini. Wakakimbia na watoto wao ambao hawajachanjwa, na surua ikawafuata huko huko. Mama Mapacha alirudi na mtoto mmoja. Jina halijabadilika, bado anaitwa hivyo.

Ofisini tulikaa kikao. Tukasema watu wa bondeni ni wagumu kuelewa. Wote tulitikisa vichwa, chai ikaletwa, tukanywa.

Shangazi hakunywa. Alivua sare, akashuka kwa miguu na mafuta ya taa na matambara, akasugua mlango mmoja baada ya mwingine huku akisema, "Rangi hii niliagiza mimi." Mama Mapacha hakumfungulia. Akarudi tena, na tena, mpaka siku moja mlango ukafunguka nusu.

"Umekuja kunipa pole au kunichoma?"

"Kukupa pole, mwanangu."

"Basi ingia. Sindano hatuongei leo."

Hawakuongea sindano kwa muda mrefu sana.

Serikali ilipotenga fungu la kushawishi jamii zilizosahaulika kukubali chanjo, sisi tulishalipangia matumizi: fulana, mabango, na vipaza sauti vipya ambavyo nilishavichagua. Shangazi akasimama kikaoni, akasema fedha ni za umma, na umma ni pamoja na bondeni. Wapewe kina mama wa kule waongee wenyewe kwa wenyewe. Mganga Mkuu akacheka: "Shangazi, hao hata kuandika maombi hawajui." Akajibiwa, "Na sisi hata kuandika X hatukujua."

Wakapewa. Wakahamishia chanjo jioni, watu wakisharudi kutoka kuuza chupa. Wakaweka bibi wa kushika watoto wakati mama anapumua, na mama wa kumfuata yeyote ambaye mwanawe amepata homa baada ya sindano, asibaki na hofu peke yake. Leo foleni ya bondeni inazidi ya mjini, na hawajawahi kuhitaji tangazo langu hata moja. Roho iliniuma, nimezoea.

Fungu hilo linahuishwa mwaka huu, ila kina mama lazima wakubali kuendelea na ofisi yetu. Mama Mapacha, ambaye ndiye anawaongoza, amegoma. "Shangazi aliniomba radhi," alisema. "Ofisi je? Akiondoka yeye naongea na nani, na feni ya ofisini kwenu?" Miaka yote hii tulimwacha mtu mmoja atuombee radhi sote, halafu tukawa tunapiga picha kwenye foleni yake. Hilo la picha ndilo linanichoma kuliko yote, maana mimi natokea mbele.

Kwa hiyo baada ya chakula cha leo tunashuka wote. Mganga Mkuu ndiye atakayeanza. Tangu asubuhi anafanya mazoezi nyuma ya mlango wake, na kila akifika kwenye "tulikosa" anakohoa. Tumemwomba Shangazi atutangulie, akasema yeye yake alishayasema. Mama Mapacha amekubali kutusikiliza. Zaidi ya hapo hajaahidi kitu.

Shangazi, asante kwa watoto wote waliolia mikononi mwako wakakua. Ulale mchana bila kuamshwa, miguu ipone, na paka wakae mbali. Uishi vizuri, na jioni hii utuombee sisi: tukishasema, kina mama wale watukubali.