Kuta za Kifuani za Mtaa wa Minyaa

Mgeni rasmi, karibu Mtaa wa Minyaa, hapa Bariadi. Gari ulilopishana nalo pale kona limebeba vitanda vya Dastan, jirani yetu. Anahama. Tulimwomba akusubiri, akajibu, "Wageni nimewasubiri wengi. Magoti yamechoka." Basi tunakusomea risala hii tukiwa tumepungua mmoja.

TULIKOTOKA
Tulipopata viwanja tulishindana kuinua kuta. Kila mtu na geti lake, na vipande vya chupa juu. Tukajiona wa mjini. Mayu Nyanjige, mama yetu mzee, alitoka Zagayu, ambako ua ni wa minyaa na jirani anaonekana. Naye tukamshauri, akajengewa. Siku moja alianguka uani, nyonga ikateguka. Aliita. Alisikia ndala zetu zikipita nje, akazitambua moja moja ni za nani, akaita tena. Sisi tulisikia redio yake inaimba, tukasema bibi anastarehe. Siku ya pili betri zikaisha. Ukimya ndio uliomshtua Machibya, fundi aliyejenga ukuta ule. Akaupanda hivyo hivyo na chupa za juu, akamkuta chini.

"Machibya," mama akamwambia, "umenijengea kaburi, ukaliwekea na geti."

TULICHOFANYA
Wiki ile ile Machibya akaanza kubomoa, kwake kwanza. Leo hakuna ukuta unaopita kifua. Milango tumeigeuzia uwanja wa katikati, na mabenchi tumeweka. Asubuhi salamu ya "Mwangaluka!" inavuka kuta nane kabla chai haijachemka. Asiyeitikia anafuatwa. Tumeishi miji mingi, mgeni rasmi, mingine ina lami mpaka mlangoni. Watu wanaolala vizuri kama wa hapa hatujawaona.

KINACHOTUSUMBUA
Ramani mpya imeugawa uwanja ule kuwa fremu za maduka. Jiwe la mpaka limechimbiwa mlangoni kwa Dastan. Migongo ya maduka hayo itakuwa ukuta mrefu kuliko wote tuliobomoa.

OMBI
Ni moja tu. Uwanja uandikwe uwanja. Duka tutalifuata hata sokoni, kutembea hatujachoka.

HALI YA WATU HADI LEO
Mayu Nyanjige anatembea kwa fimbo. Ndiye yule wa mbele mwenye redio. Machibya anaitwa mpaka mitaa ya jirani kujenga kuta za kifuani. Dastan leo atalala Kalemela, kwa dada yake Wilhelmina. Nyumba hajauza. Ufunguo ameuacha kwa Mayu Nyanjige.

Mungu akupe afya, na jirani anayesikia.

Ni sisi, wakazi wa Mtaa wa Minyaa, Bariadi.