Guleid Bare na Koo za Mbuzi

Assalaam aleikum nyote mlioketi hapa kwenye mikeka, mimi ni Ogle, shemeji yake marehemu, nimepewa kazi hii kwa sababu wale wanaosoma vizuri wanalia.

Marehemu Guleid Bare alizaliwa Eldas mwaka 1924, kiangazi ambacho ngamia walikuwa wanalamba kivuli, akasoma Garissa mpaka darasa la tatu, hapo mwalimu akaishiwa na maneno, akaandikwa kazi ya dresa, mfunga vidonda wa kituo cha afya, tarehe 2 Juni 1946, na sauti yake, akiita mgonjwa hapa, watu wa Takaba huko mbali wanasimama.

Tarehe 14 Agosti 1951 alimuoa dada yangu Khadijo, wakapata watoto watano, wote wana kelele kama yeye.

Vita ilipokuja, mwaka 1964, majeruhi wakawa wanaletwa koo zimeziba, wanamfia mikononi, basi akaanzisha mazoezi ya kupitisha hewa shingoni, kila Yarow wetu wa buchari akichinja mbuzi, koo na mapafu yanaletwa kituoni yakiwa moto, Khadijo na wasaidizi wenzake wanaingiza mpira, ule mrija wa hewa, pale kisu kilipopita, wanapuliza mpaka mapafu yanafura kama hema, naye amewasimamia anapiga makelele kwamba mgonjwa anakufa, mgonjwa anakufa, na soko lote likimuuliza anamfufua wa nini mbuzi ambaye nyama yake iko kwa sufuria, na Khadijo akawa hodari, angempulizia hata twiga amesimama.

Lakini kila mbuzi alikuja ameshachinjwa, wallahi hakuna aliyeliona hilo, kuingiza mpira walijifunza, kukata hawakujifunza.

Tarehe 9 Machi 1966 jipu la koo lilimbana marehemu pumzi, askari wamefunga barabara kwa msako, hospitali haifikiki, Khadijo akashika mpira, akamwita Yarow na kisu chake, marehemu mwenyewe akaweka kidole shingoni kuonyesha mahali, na Yarow, aliyechinja mbuzi wengi kuliko mchanga wa Tana, akasema mkono wake unajua kuchinja tu, kumtoboa mtu ili aishi haujui. Kidole kikakaa pale pale. Halafu kikaanguka.

Familia inawashukuru majirani mliochimba kaburi na kafyu ikiwa juu yenu, madresa wenzake, daktari aliyefika barabara ilipofunguliwa, na Yarow, usijifiche nyuma huko, njoo ukae na sisi, Khadijo mwenyewe mpaka sasa hajauachilia ule mpira.

Pumzika kwa amani, Guleid, mtu wa kelele, leo Takaba wameketi, hakuna anayeitwa.