Mikorosho Mia Mbili ya Bi Saada

Ndani ya kosta ya kwenda Ruangwa, Mwalimu Agatha aliacha kusahihisha madaftari alipomsikia Felisian, mwanafunzi wa chuo kikuu, akimweleza Bi Saada wa Lionja kwamba siku hizi udaktari hauhitaji tena tasnifu nene kama tofali. "Ni makala tatu tu, mama. Mbili zimeshachapishwa Ulaya. Wewe umo kwenye ya pili: mkulima namba kumi na saba, mikorosho mia mbili."

"Mwanangu, mimi ninayo arobaini. Ulikuja na karatasi, na huku wenye karatasi ndio wagawa salfa ya kupulizia mikorosho. Salfa hutolewa kwa idadi ya miti."

"Na wenzako?"

"Nani anaikataa salfa?"

Agatha akainamia daftari. Hata yeye aliwahi kuwatajia wenye karatasi mikorosho sabini, na kwake haliokotwi hata bibo moja la korosho.

Felisian akasema kwa sauti ndogo kwamba makala nzima imesimama juu ya hesabu hizo.

Kosta ikasimama stendi. Bi Saada akachukua kikapu chake. "Usihuzunike. Umesema mwenyewe siku hizi mnaandika vipande vipande. Hicho kitupe, uje uandike kingine. Ila safari hii njoo na salfa."