Mdhamini Wangu Alinitukana Mbele ya Watu

Jina la Yesu litukuzwe, ndugu zangu! Asanteni, mmeitikia vizuri, sasa kaeni.

Jumapili iliyopita dada yetu alishuhudia hapa jinsi alivyofunguliwa kutoka kwa mapepo, nyie mkalia, mkaruka, na benchi la nyuma likavunjika. Ushuhuda wangu hauna pepo. Mimi Yakobo ni mrina asali, mtu wa porini, na kupaza sauti sijazoea kwa sababu nyuki hawapendi kelele. Lakini mwinjilisti amesema nisimame, na kweli Bwana alinitoa mahali, basi nitaeleza alivyonitoa.

Nyumbani kwangu ni Ugalla. Baba yangu alipofariki aliniachia mizinga ya magome iliyotundikwa mitini, kuanzia karibu na mto hadi ndani kabisa ya pori. Kila mzinga una alama yetu, mistari miwili na mkia, aliyoichonga mwenyewe kwa kisu. Mtu wa Ugalla akiiona alama hiyo hapandi mti ule, anapita zake.

Ukaja mwaka ambao miti ya miyombo haikuchanua. Nyuki walihama, na mimi nilikuwa na mke na watoto. Nikaja hapa mjini, mtaa wa Majengo, kwa tajiri mmoja mwenye duka. Alinipa unga, chumvi na mablanketi, nami nikaweka rehani mizinga. Ndugu zangu, tangu siku ile nikawa narina asali ya mtu mwingine! Kila msimu nilimpelekea asali na nta, akapima kwa mizani yake, akaniambia deni bado. Nikaondoka na blanketi jingine na deni refu zaidi. Wala hakuwa mkali. Kila mara alinikaribisha chai, nikainywa nikijua ninapunjwa, naye akijua kwamba najua.

Msimu mmoja akabadilisha maneno. "Yakobo," aliniambia, "miti ikichanua kabla hujamaliza deni, mizinga inakuwa yangu moja kwa moja. Wewe usihofu, nitakuajiri uendelee kurina. Zile alama za baba yako tutazikwangua tuweke zangu." Akanimiminia chai. Chai hiyo sikuinywa.

Wakati huo chama chetu cha akiba na mikopo kilikuwa bado kichanga. Kilianza treni ilipofika hapa Mpanda. Warina asali wachache waliacha kuuza nta mmoja mmoja, wakaikusanya na kuisafirisha pamoja hadi Tabora, na bei ya kule ikawashangaza. Wakakubaliana kila mtu aache kidogo katika sanduku la pamoja, ili mwenye shida akope humo badala ya kwenda kwa matajiri. Wakajiunga watu wa mgodini, halafu wakulima wa Misunkumilo. Nami nilijiunga, nikiweka fedha ya samaki niliowavua mtoni. Sanduku lilikuwa na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa Mkristo, wa pili kwa Mwislamu. Uwe na akiba kubwa au ndogo, kura yako ni moja. Ukikubali mtu akopeshwe unatumbukiza punje ya hindi kwenye kibuyu, ukikataa unatumbukiza harage, na mkono unaufumba asione jirani.

Kila mkopaji lazima awe na mdhamini. Hapo mwanzo ndugu alimdhamini ndugu, ikawa aibu. Mkopaji mmoja alitorokea porini na kamati ikamtuma mdhamini wake, ambaye ni kaka yake, amtafute. Alimtafuta msimu mzima hakumwona, kumbe ndiye aliyekuwa anampelekea ugali! Baada ya hapo mkutano ukapitisha kanuni ambayo sijaisikia kwingine: ndugu hamdhamini ndugu, anayedhamini ni mtani. Ndugu atakusitiri. Mtani ana ruhusa ya kukutangaza sokoni, hata msibani, na wewe huna ruhusa ya kukasirika.

Mimi ni Mnyamwezi, na watani wetu ni Waha. Katika chama nilimjua Muha mmoja tu, Bukuru, mchimbaji wa pale mgodini. Kila tulipokutana alininyang'anya kofia akaivaa, akatembea nayo Majengo yote kabla ya kunirudishia. Nilimweleza habari ya mizinga, akasikiliza mpaka mwisho bila utani hata kidogo. Akasema, "Nitakudhamini. Ila nikisimama pale nitasema yote ninayoyajua." Naye alikuwa na cha kupoteza. Mimi nikishindwa kulipa, chama kingechukua akiba yake, aliyoiweka ili akaezeke kwa mabati nyumba ya mama yake huko Kasulu.

Siku ya mkutano mkopaji hukaa nje ili watu waseme kwa uhuru. Nikakaa chini ya dirisha. Lilikuwa wazi.

Bukuru akaanza. "Nyie wazee, huyu Yakobo ni Mnyamwezi, hilo peke yake ni tatizo. Kuoga anangoja mvua. Msibani anaulizia ukoko kabla hajaulizia marehemu. Anamwogopa mkewe kuliko nyuki! Kwenye ibada anakoroma mpaka mwinjilisti anapotea kwenye sala. Tajiri anampunja mchana kweupe, yeye anashukuru kwa chai. Mjinga kabisa huyu!"

Watu walicheka mpaka chumba kikajaa kicheko. Mimi kule nje kuomba nilishindwa, nikasema tu, "Bwana, mizinga imekwenda." Nikaiona alama ya baba ikikwanguliwa. Nasema wazi, ndugu zangu, niliumia sana.

Kicheko kilipotulia, nikamsikia mwenyekiti wetu Mzee Ramadhani, fundi viatu. "Bukuru, umemaliza?"

"Nimemaliza, mzee."

"Mbona la wizi hujasema?"

"La wizi sina."

"Na la kumdhulumu mtu?"

"Nalitafuta tangu siku niliyomjua. Ningelipata, ningewanyima nyie utamu huo?"

Mzee Ramadhani akasema, "Mtani ameruhusiwa kusema lolote, na hilo amelikosa. Haya, pigeni kura."

Kibuyu kilimwagwa mkekani, nami nikachungulia dirishani. Mahindi matupu, na harage moja. Bukuru akasema harage ni lake, haiwezekani Muha amkubali Mnyamwezi bila kupinga kidogo.

Nilipewa mkopo, nikalipa deni. Tajiri akapokea fedha yake, akanipa mkono, akanikaribisha chai, nami nikainywa yote. Nikarudi Ugalla kabla miti haijachanua, nikapanda mti wa kwanza, nikapapasa ile mistari miwili na mkia kwa kidole. Mungu wangu! Hapo juu, peke yangu, nilipiga kelele, na nyuki wakaniadhibu.

Tangu hapo nta yangu ilipitia chamani, na mkopo nikaurudisha kidogo kidogo. Kila siku ya soko Bukuru alinisubiri njiani na kupiga ukelele, "Jamani, mabati ya mama yangu yale yanapita!" Niliharakisha kulipa ili anyamaze. Nilipomaliza hakunyamaza, lakini mabati alinunua.

Mwaka huu Bukuru alishikwa na homa, akafariki. Tulimzika Misunkumilo. Mnaijua desturi: mtani hushuka kaburini kabla ya maiti, akalala humo, akamsema marehemu, na hatoki mpaka apewe chochote. Watu wakanitazama, nikashuka. Nilianza vizuri. Bukuru mnyang'anyi wa kofia, Bukuru akiona nyuki mmoja anakimbia hadi Kasulu. Wakacheka, hata mama yake alicheka. Kisha nikatafuta baya la kweli. Nilikuwa na ruhusa yote. Nikalitafuta, ndugu zangu, nikalikosa! Nikalia mle chini, mimi huyu mnayenijua, mpaka wakanishika mikono kunitoa.

Namshukuru Mungu kwa chama, kwa mizinga, na kwa mtu yule. Na ninalo neno moja kwenu. Bukuru hakunikuta na la wizi kwa sababu aliona nje tu. Bwana Yesu anaona ndani, analo la kila mmoja wetu, na bado amesimama akasema, "Huyu namdhamini mimi." Kama kuna mtu hapa amekaa nje chini ya dirisha, anasikia anavyosemwa na anadhani mambo yake yamekwisha, ainuke aingie. Kura imekwisha kupigwa.

Nimemaliza. Wengi mmeniuliza kwa nini siku hizi natembea juani kichwa wazi. Kofia yangu niliiacha mle kaburini. Aliipenda sana.