Mzee Kofia Astaafu, na Kofia Nayo

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Mzee Kofia anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa katika hospitali yetu ya macho. Amenionya nisimwandikie sifa za marehemu, kwa kuwa yeye bado anakula na kulala vizuri. Sawa. Nitasema ukweli mtupu, na ajilaumu mwenyewe.

Aliingia hapa kijana mwembamba, akapewa kazi ya kung'arisha macho ya bandia ya zamani, yale ya kuziba pengo tu, yasiyoona hata jua la mchana. Yalipokuja haya mapya, yenye kidude kinachopandikizwa ndani ya jicho na kamera kwenye miwani, alihamishiwa chumba cha mazoezi kuwafundisha watu kuona upya. Maana jicho hili halikupi sura ya mtu, jamani. Linakupa nukta za mwanga na giza, nawe ujifunze kuwa huu ni mlango, hii ni sahani, na huyu ni mkweo, kaa vizuri.

Sheria yake ilikuwa moja: cheupe juu ya cheusi. Meza nyeusi, sahani nyeupe. Ndugu wa wagonjwa nao walivaa mashati meupe, wapende wasipende. Siku moja daktari mkuu wa upasuaji aliingia na suti mpya ya kijivu, akasimama mbele ya ukuta wa kijivu. Mgonjwa akauliza nani kaingia. Mzee Kofia akajibu kwamba hakuna mtu. Daktari akakohoa, Mzee akasema hilo ni bomba la maji. Suti ile hatujaiona tena.

Ila naye alikuwa na lake: kofia nyeusi ya sufu, usiku na mchana, joto au baridi. Mkewe, shemeji yetu, alipoteza uoni wakiwa bado vijana, bwana ana nywele za kuvunja chanuo. Nywele zilipoaga, hakutangaza msiba. Kila mwezi alirudi nyumbani akidai kinyozi amelalamikia wingi wake.

Shemeji alipopandikizwa jicho, kanuni haikumruhusu mume kumfundisha mkewe, nikakabidhiwa mimi. Tulihangaika miezi. Milango aliiona, madirisha pia. Watu je? Mashati meupe matupu yanayotembea, yote sawa. Mwishowe akaniambia amechoka, kidude kizimwe, kwani yeye hakuolewa na shati. Daktari akakubali kukizima Jumatatu.

Katika zoezi la mwisho tulisimama watatu mbele yake: mimi, mhudumu wa wodi na Mzee. Akaombwa aonyeshe mumewe ni yupi. Akamnyooshea kidole mhudumu. Hakuna aliyecheka. Kisha Mzee akaivua kofia, akaitia mfukoni, akasogea chini ya taa.

Lo! Hata sisi wenye macho yetu tulipepesa.

Shemeji akainua uso. Kipara kikaenda kushoto, uso wake ukafuata. Kikaenda kulia, ukafuata. Akaacha fimbo kitini, akatembea moja kwa moja hadi kwake, akaweka kiganja juu ya utosi. Tukasubiri radi ipige. Yeye akacheka mpaka miwani ikamteleza. Alisema amejua siku zote, maana bwana akishikwa na usingizi kofia humtoka kichwani, na ni yeye anayemrudishia kila usiku, asije akaamka na aibu.

Jumatatu ilipita, na kidude hakikuzimwa. Kofia ikatundikwa kwenye msumari wa chumba cha mazoezi, na itabaki hapo, atakayeigusa atanitambua.

Mzee wetu, asante kwa subira yako, kwa utani wako, na kwa wote waliotoka hapa wakiuona mlango bila kushikwa mkono. Mungu akupe afya na miaka mingi na shemeji. Na kichwa hicho kipake mafuta kila asubuhi, tafadhali. Kuna mtu anakitafuta.